Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa brashi ndogo ya rangi, laini kama ya kinyozi, kisha nikaambiwa nisisafishe kitu chochote. Aliyenikabidhi alikuwa Fundi Mkuu, mzee mwenye mwili mkubwa na sauti inayoupita mwili, mstaafu wa jeshi aliyemaliza ujana wake akigonga riveti za kuunganishia mabati ya ndege. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uhandisi mitambo, nimepanga chumba Chang'ombe ya Dodoma, na sikuwa nimewahi kugusa ndege kwa mkono.

"Sasa brashi ya nini, mzee?" nikamuuliza.

"Ya kushika. Mhandisi mpya asipokuwa na kitu mkononi hushika asichotumwa."

Mafundi wakacheka. Nilishinda na brashi yangu mkononi kama mtu anayesubiri ukuta ujengwe ili aupake rangi.

Karakana yetu ilikuwa ndani ya ghala la zamani la nafaka, si mbali na soko la Majengo. Mtama uliosahaulika kwenye nyufa za sakafu ulichipua kila mvua ilipopenya paani. Pale palipokuwa pakipangwa magunia sasa paliegemezwa mabawa, mikia, na vipande ambavyo hakuna aliyekuwa na hakika ni vya nini. Taasisi ilikuwa ndogo na ilikuwa na kazi moja: kutafuta ndege za kijeshi za zamani zilizoanguka au kutelekezwa maporini, kuziopoa, na kuzikarabati mpaka zifae kuonyeshwa kwa watu. Kuzirusha hakukuwamo. Mgeni akiuliza kama zitaruka tena, Fundi Mkuu alimjibu kwamba ziliruka mara moja zaidi ya inavyotakiwa, ndiyo maana ziko hapa.

Kwa vijana mnaofikiria kuingia kazi hii, mjue kwamba sehemu yake kubwa ni kujizuia. Bati la aluminiamu lililokaa ardhini huota kutu nyeupe, unga kama wa muhogo, na mkono wa mtu yeyote aliyelelewa vizuri hutaka kuufuta. Ukiufuta umeharibu. Tope lililogandia kwenye bomba linaweza kuonyesha bomba lilipasuka kabla ya ndege kuanguka au baada. Mkwaruzo unaweza kuonyesha gurudumu lilikuwa limekunjwa au limeshushwa. Kwa hiyo kila kipande hupigwa picha kilipolala, hufungwa lebo, huchorwa, na baada ya hapo ndipo brashi huanza kazi. Fundi Mkuu alikuwa na kanuni aliyoirudia mpaka tukaichoka: kwanza tunasoma kipande, ndipo tunazungumza.

Mimi niliuliza sana. Niliuliza kwa nini tunapanga riveti za zamani kwenye makopo ilhali tutaweka mpya. Niliuliza kama ndege iliyobadilishwa ngozi yote, nusu ya fremu na injini bado ni ndege ileile, au tumetengeneza nyingine tukaipa jina la marehemu.

"Wewe," Fundi Mkuu akaniambia, "ngozi uliyozaliwa nayo bado unayo?"

"Hiyo si hoja, mzee."

"Ni hoja. Umekosa la kuijibu, basi."

Walinibatiza jina la Kwanini. Hadi mama aliyetuletea chai na vitumbua alikuwa akiita mlangoni, "Kwanini, chai yako inapoa."

Baada ya mwaka wa kwanza nilipelekwa Arusha, kwenye kiwanja kidogo cha ndege za mafunzo, ili nijue ndege nzima inavyofanya kazi kabla sijaendelea kushughulika na maiti zake. Mkuu wangu huko alikuwa Mwalimu wa Marubani, mama mkavu wa maneno aliyekagua ndege kwa kuipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe. Ndege yake ilikuwa ya viti viwili, kimoja mbele na kingine nyuma, na kila kiti kilikuwa na fimbo yake ya kuongozea. Alipotaka kuruka peke yake alifanya jambo lililonishangaza. Alikwenda kwanza kwenye kiti cha nyuma, kitupu, akavuta mikanda yote ya kiti, akaifunga kwenye bizimu, kile chuma cha kuiunganishia, na kuikaza.

"Mwalimu, unamfunga nani?" nikauliza.

"Ninaifunga mikanda yenyewe. Ikilegea ikajiviringa kwenye fimbo nikiwa juu, nitaongozwa na kiti kitupu." Akaniangalia. "Hii si yangu. Aliyenifundisha alifundishwa hivyo, na aliyemfundisha yeye vilevile. Tangu ndege zimekuwa na viti viwili."

Nililiweka kichwani pamoja na mengine mengi ya Arusha. Sikudhani kwamba litakuja kunitafuta.

Niliporudi Dodoma niliwakuta wanapakia lori. Mkurugenzi wa taasisi, mtu nadhifu mwenye haraka na suti nyepesi hata siku za vumbi, alikuwa amepata habari za mkia wa ndege uliochomoza kwenye korongo huko Busi, wilayani Kondoa. Picha ya simu ilionyesha kidogo sana, lakini Fundi Mkuu aliitambua: ndege ya mafunzo ya kijeshi ya enzi za vita kuu ya pili, viti viwili, injini moja. Katika maelezo ya watu wa nje ndege hiyo ilihesabiwa kuwa iliyopotea. Tulipofika Busi tulikuta kwamba ilikuwa imepotea kwetu tu. Wenyeji walijua ilipo tangu ilipoanguka. Walikuwa wamekata mabati yake wakafanya mifuniko ya vyungu na milango ya mabanda ya kuku, mpaka mvua kubwa ziliposhusha mchanga korongoni na kuufunika mwili uliobaki. Sasa mvua nyingine zilikuwa zimeukwangua huo mchanga. Hatukuomba mfuniko hata mmoja urudishwe. Mimi nilishauri hivyo na kwa mara ya kwanza Fundi Mkuu hakunibishia.

Mtendaji wa kijiji alitutambulisha kwa watu, tukaanza kuchimba. Sehemu ya mbele ilikuwa imebondeka kabisa, injini imeingia mahali pa miguu ya rubani. Sehemu ya nyuma ilihifadhiwa na mchanga. Tulichimba kwa chepe hadi tulipokaribia bati, kisha kwa mwiko wa mwashi, kisha kwa mikono.

Siku ya pili alikuja Bi Zaituni. Alikuwa na umri unaozidi miaka themanini, mwembamba, amejitanda khanga, ameletwa na mjukuu wake Hamisi kwa pikipiki yake ya bodaboda. Akawekewa kigoda ukingoni mwa korongo.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mnatafuta nini?"

"Ndege, bibi."

"Ndege mmeshaipata. Nauliza mnatafuta nini."

Kisha akaanza kutueleza la kwake. Baba yake alikuwa msaidizi wa mafundi kwenye kiwanja cha jeshi la wakoloni, mbali na hapo. Kazi yake ilikuwa kujaza mafuta na kupangusa vioo. Habari zilimfikia kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kike, na mtoto huyo ndiye Bi Zaituni. Akaomba ruhusa ya kuja kumwona. Kuna aliyesema alimwona asubuhi akiwa amesimama kando ya ndege akizungumza na rubani, kwa kuwa rubani alikuwa anapita upande wa Kondoa. Baada ya hapo hakuonekana tena. Ndege ilianguka msimu huohuo. Askari walikuja wakabeba maiti; wapo wanaosema moja, wapo wanaosema mbili. Kisha wakaja polisi nyumbani kumtafuta baba yake, wakisema hakutokea kazini, ameandikwa mtoro.

"Mama alikuwa ananinyonyesha," alisema Bi Zaituni. "Wakapekua hadi chini ya kitanda. Tangu siku hiyo nyumba yetu ni nyumba ya mtoro. Nimeolewa, mama mkwe ananiambia, kwenu mna miguu myepesi, nikikutuma kisimani utarudi? Nikicheka anaongeza."

"Hata mimi shuleni," Hamisi akadakia. "Nikitoka nje kujisaidia, darasa zima linapiga mluzi. Mwalimu, katoroka huyo!"

Alisema akicheka, lakini hakuna mwingine aliyecheka. Bi Zaituni aliomba jambo moja. Alitaka tumwambie kama baba yake alikuwa ndani ya ndege ile, kwa sababu kama alikuwemo basi hakukimbia, na yeye angependa kulijua hilo kabla hajafa.

Siku iliyofuata tulifikia kiti cha nyuma. Mifupa haikuwepo. Hilo halikuthibitisha lolote: kama maiti haikubebwa, fisi walikuwa na muda wa kutosha, na maji ya korongoni pia. Mikanda yenyewe ilikuwa ya pamba na imeoza, zimebaki nyuzi tu. Lakini bizimu ya chuma ilikuwepo, juu ya mabaki ya kiti, na ndimi zake zote zilikuwa zimeingia mahali pake. Ilikuwa imefungwa.

Nilipiga picha. Nikawa natafuta lebo mfukoni, Fundi Mkuu akasimama akapaaza ile sauti yake kuelekea ukingoni.

"Mama! Mkanda umefungwa! Baba yako alikuwa humu!"

Vigelegele vikapigwa. Bi Zaituni hakupiga. Alijifunika uso kwa khanga, mabega yakawa yanatikisika, na wanawake wakamzunguka. Hamisi alipiga magoti ukingoni akawa anachungulia ndani ya shimo kama vile babu wa mama yake angetoka. Jioni hiyo tuliambiwa kwamba Ijumaa itasomwa hitma na mbuzi atachinjwa.

Nilimfuata Fundi Mkuu nyuma ya lori alikokuwa ananawa mikono.

"Mzee, kiti kitupu pia hufungwa mkanda."

"Najua."

"Unajua?"

"Nimekaa jeshini miaka yote hiyo nisijue? Najua. Lakini rubani huyu si mtu wa kuruka peke yake. Njia yake ilikuwa hii, mtu wa hapa alikuwa uwanjani, mkanda umefungwa. Unataka nini tena, apande juu akupe mkono?"

"Kama alikuwemo na askari wakamtoa, bizimu wangeifungua."

"Wangekata mkanda. Mtu aliyevunjika hafunguliwi, anakatwa."

"Kwa hiyo imefungwa ina maana alikuwemo, na kama ingefunguliwa ingekuwa na maana alitolewa. Ndege gani basi ingekuambia hakuwemo?"

Akakamua kitambaa. "Unataka kumnyang'anya mama wa watu baba yake mara ya pili?"

"Sitaki apewe baba kwa kubahatisha. Kanuni ni yako, mzee. Kwanza tunasoma kipande."

"Nilimwona anatetemeka," alisema, safari hii kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. "Kipande kinaweza kungoja. Yeye hawezi."

Sikushinda mjadala ule. Hitma ilisomwa. Tulikaribishwa, tukala wali na nyama ya mbuzi, na mimi nilikula kama wengine. Kisha tukafungasha mwili wa ndege kwa turubai na magodoro ya zamani, tukaupandisha lori kwa winchi, tukarudi Dodoma.

Ukarabati ulichukua miaka iliyobaki ya kazi yangu pale. Sitaueleza wote. Tulinyoosha fremu zilizokubali kunyooka na kuunda upya zilizokataa. Tulikata ngozi mpya ya bati, tukaitoboa, tukaipiga riveti watu wawili wawili, mmoja nje na nyundo ya upepo, mwenzake ndani ameshika kipande cha chuma cha kupokelea pigo. Anayekaa ndani hutoka na masikio yanayolia, na kwa kuwa nilikuwa mwembamba kuliko wote, aliyekaa ndani nilikuwa mimi. Mabati ya zamani yaliyokuwa mazima tuliyaacha bila rangi, ili mtazamaji aone lipi ni la zamani na lipi ni letu. Hilo nililipigania, nikalipata.

Bizimu tuliipima kwa namna tulizoweza. Kwenye kiti kitupu mikanda hukazwa hadi mwisho, kwenye kiti chenye mtu huachiwa urefu wa mwili wake. Kwa hiyo tulitaka kujua urefu. Fundi Mkuu alivaa miwani yake ya kukuzia, akaweka taa, akachunguza vile vyuma vidogo ambavyo mkanda hupita ili ufupishwe au urefushwe. Nyuzi zilikuwa zimeshikana na kutu, lakini zimelika pande zote mbili. Aliangalia asubuhi nzima. Nakiri nilikuwa natumaini aseme ni mfupi, ili niwe nimemshinda.

"Hausemi," alisema hatimaye, akavua miwani. "Huku umelika, huku umelika. Hausemi kitu."

Ulikuwa mtihani halali na haukutoa jibu. Mambo ya namna hiyo hutokea katika kazi hii mara nyingi kuliko watu wa nje wanavyodhani.

Ndipo Mkurugenzi alipoleta maneno ya kibao kitakachowekwa mbele ya ndege siku ya kuizindua. Alituita ofisini, akasoma kwa sauti: kwamba katika kiti cha nyuma cha ndege hii alifariki msaidizi wa mafundi akiwa njiani kwenda kumwona mwanawe mchanga.

"Tunajua lipi kati ya hayo?" nikauliza.

"Kiti tunakijua," akajibu, mafundi wakacheka. Kisha akaacha utani. "Mwenzangu, watu hawaji kuangalia riveti. Wanakuja kuangalia mtu. Hadithi tunayo, familia imeikubali, hitma imesomwa. Nani anaumia?"

Hilo lilikuwa swali zuri na nilikaa nalo. Hakuna aliyeonekana kuumia. Bi Zaituni alikuwa amepata alichokitaka. Nilijiuliza kama ukaidi wangu ulikuwa wa ukweli au wa kutaka kushinda tu, na sikupata jibu la kuniridhisha. Nilichoweza kusema ni kwamba siku moja mtu mwingine aliyepita Arusha angesimama mbele ya kibao kile, aone bizimu, na aseme kwa sauti kwamba hata kiti kitupu hufungwa. Siku hiyo watu wangesema si mtoro tu, bali mtoro aliyetungiwa hadithi. Nikalisema hilo. Mkurugenzi akaangalia dirishani.

"Basi mwambie bibi mwenyewe," akasema. "Akikubali, utaandika kibao wewe."

Bi Zaituni alikuja Dodoma wiki hiyohiyo, amekaa kiti cha mbele cha gari la jamaa yao, Hamisi nyuma. Tulimwingiza ghalani. Ndege ilikuwa imesimama juu ya magurudumu yake, nusu yake inang'aa na nusu yake ya kijivu. Aliizunguka polepole akiwa ameshika mkono wangu, akagusa bati la zamani tu, jipya akaliruka. Tulimpandishia ngazi pana ya mbao, akachungulia kiti cha nyuma. Bizimu ilikuwa imewekwa ilivyokutwa.

"Wewe ndiye yule wa maswali," aliniambia akiwa bado anachungulia.

"Ndiyo, bibi."

"Leo niulize mimi. Alikuwemo?"

"Sijui, bibi."

Hamisi ndiye aliyeruka. "Haujui vipi? Si mlituambia alikuwemo? Tumesoma hitma! Tumechinja!"

Niligeuka kutaka kusema, Fundi Mkuu akanitangulia. "Mwanangu, usimkaripie huyu. Ni mimi. Niliona mkanda umefungwa, nikamwona bibi yako pale juu, mdomo ukakimbia. Huyu alinikataza, sikumsikia."

Tulimshusha bibi akaketi. Nilichukua mkanda mpya wa mazoezi kutoka kwenye rafu, nikauweka juu ya kiti kitupu cha karakana, nikaufunga na kuukaza huku nikimweleza ya Arusha: kwamba rubani akiwa peke yake hufunga hivi, ili mikanda isiingilie fimbo. Nilimweleza kuhusu zile nyuzi zilizolika. Sikupunguza na sikuongeza. Alisikiliza akiangalia mkanda uliofungwa bila mtu.

"Kwa hiyo huenda hakuwemo," akasema.

"Huenda, bibi."

"Na huenda alikuwemo."

"Huenda."

Akakunja ncha ya khanga, akaikunjua. Nilidhani analia na nikaanza kujilaumu. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Na wale waliomwandika mtoro. Wao walimwona anatoroka?"

"Kwa ulivyotueleza, hapana. Hawakumwona kazini, basi wakaandika."

"Kwa hiyo nao hawakujua."

"Nao hawakujua."

"Sema tena."

"Hawakujua, bibi."

Akacheka, kicheko kifupi kikavu. "Polisi alijua. Mama mkwe alijua. Darasa zima la huyu lilijua, hata watoto wa kisimani walijua. Na huyu fundi wenu naye akajua." Fundi Mkuu akainamisha kichwa. "Maisha yangu yote namtafuta mtu mmoja asiyejua. Kumbe yuko Dodoma."

"Bibi," Hamisi akasema taratibu, "sasa tukirudi tuwaambie nini watu?"

"Waambie hivyohivyo. Hawakujua." Akanigeukia. "Na wewe andika. Andika jina lake zima, andika aliitwa mtoro, andika waliomwita hawakujua, na nyie hamjui. Usinipunguzie hata moja."

Niliandika kibao hicho mchana uleule, akiwa ameketi pembeni yangu. Niliandika jina la baba yake. Niliandika kwamba haijulikani kama kiti cha nyuma kilikuwa na mtu, na kwamba aliyeandikwa kuwa ametoroka hakuonwa na yeyote akitoroka. Mkurugenzi alisoma akaguna, akasema ni kibao cha ajabu kuliko vyote alivyopata kuviona, kisha akakipeleka kuchongwa. Kabla Bi Zaituni hajaondoka, Mkurugenzi alimuuliza kama angependa bizimu ifunguliwe, kwa heshima ya marehemu.

"Iacheni," alisema. "Mkiifungua mtakuwa mmeanza tena kujua."

Niliacha kazi muda mfupi baada ya uzinduzi. Sina mvi hata moja, na najua kumbukumbu za namna hii huandikwa na walio nazo. Ndege nyingine haikuwa imepatikana, ghala lilikuwa limeanza kunichosha, na nilikuwa nimepata nafasi ya kufundisha katika chuo cha ufundi. Nilipoaga, Fundi Mkuu alinipigia kelele mbele ya wote.

"Kustaafu ukiwa na meno yote mdomoni! Huo ni utoro, Kwanini!"

"Nani kaniona natoroka, mzee?"

Akacheka mpaka akashika meza, na kwa kadiri ninavyokumbuka ndiyo mara pekee niliyopata kummaliza maneno.

Wanafunzi wangu huniuliza kama kazi ile ilikuwa na faida. Huwajibu kwamba ndege ile haitaruka, haitamrudisha mtu, na nusu ya bati lake ilitoka kiwandani juzi. Baadaye huwafundisha kuweka lebo kabla ya kusafisha. Sijui kama najibu swali lao.

Kabla sijahama Chang'ombe nilikwenda Busi kumuaga Bi Zaituni. Alikuwa amelala, amechoka na homa, lakini aliniandalia ugali wa uwele na mlenda kupitia kwa wajukuu, akanikatalia kuondoka kabla sijamaliza. Hatukuzungumza habari za ndege. Hamisi alinipeleka hadi kituo cha basi kwa bodaboda yake, akanishusha, akageuza. Vijana waliokuwa wameketi kituoni walimpigia mluzi ule wa zamani, naye akanyoosha kidole nyuma ya pikipiki bila kugeuka. Kwenye kingatope, mahali ambapo wenzake huandika majina ya timu na dua, alikuwa ameandikisha neno moja kwa rangi nyeupe: HAWAKUJUA.